Zao Lisiloliwa

Mtu apandaye mtama, au mahindi, au viazi, hata soko likimharibikia, chakula anacho. Akikosa mnunuzi atatwanga, atapika, na watoto wake watalala wameshiba. Lakini apandaye pamba hana la kupika. Shamba lake, mvua yake, na nguvu za watu wa nyumba yake amezitoa kwa mmea usioingia chunguni. Naye hana budi kungoja mpaka mavuno yake yapimwe kwa mizani isiyo yake, na kununuliwa kwa bei asiyoipanga yeye. Kwa hiyo ukulima wa pamba una mashaka yake ya peke yake, ambayo mkulima wa nafaka hayajui. Katika somo hili tutayatazama mashaka hayo, tukiifuata pamba toka mbegu hata robota, hasa katika nchi ya Usukuma iliyo kusini ya Ziwa Victoria, maana huko ndiko itokako sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania.

Yatupasa kwanza kuujua mmea wenyewe. Mpamba kwa asili si mmea wa mwaka mmoja. Ukiachwa katika nchi ya joto hukaa miaka mingi, ukawa kijiti kirefu kupita kimo cha mtu. Wanadamu ndio walioufanya kuwa mmea wa kupandwa na kung'olewa kila mwaka, nasi tutaona mbele sababu ya kung'olewa. Ziko aina nne za mipamba ambazo watu wamezilima tangu kale: mbili asili yake ni Afrika na Asia, na mbili asili yake ni Amerika. Ile ilimwayo Usukuma leo ni ya Amerika.

Mbegu ikipata unyevu huota kwa muda wa juma moja hivi. Baada ya miezi miwili mpamba huanza kuchanua. Ua lake halidumu: asubuhi ya kwanza ni jeupe lenye umanjano kidogo, kesho yake hugeuka kuwa la waridi, kisha hunyauka na kuanguka. Pale lilipokuwapo ua hubaki kitumba cha kijani, nacho hukua kwa siku 50 au 60, halafu hukauka na kupasuka. Ndani yake mna vyumba vitatu, au vinne, au vitano, na katika kila chumba mna mbegu zilizovikwa nywele nyeupe. Nywele hizo ndizo pamba. Ukizitazama kwa hadubini utaona jambo la ajabu, ya kuwa kila unywele ni seli moja tu ya ngozi ya mbegu, nayo imerefuka hata urefu wake ukapita upana wake mara elfu na zaidi. Mmea uliziotesha nywele hizo kwa faida ya mbegu zake. Mwanadamu ndiye aliyesema, Hizi zitakuwa nguo yangu.

Nguo za pamba si jambo jipya katika nchi zetu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameona katika magofu ya Kilwa vigurudumu vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi, na huko Ufipa watu walifuma nguo kwa pamba yao wenyewe hata mwanzo wa karne ya 20. Kazi hiyo ilikufa kwa sababu nyingi, na moja iliyo kubwa ni nguo iliyoitwa merikani. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Salem, mji wa Massachusetts, walileta Unguja nguo ngumu isiyotiwa rangi, na watu wakaiita kwa jina la nchi itokako. Wapagazi waliichukua vichwani na mabegani hata Unyamwezi na Ujiji, ikawa kama fedha: pembe zilinunuliwa kwa merikani, hongo ya njia ililipwa kwa merikani, na mshahara wa mpagazi mwenyewe ulihesabiwa kwa mikono ya merikani. Fundi wa kijijini, aliyekaa siku nyingi kitandani mwa mfumi apate nguo moja, hakuweza kushindana nayo.

Basi nguo ile ilifumwa katika viwanda vya kaskazini ya Marekani, lakini pamba yake ilitoka kusini, ikachumwa na watumwa, ambao wazee wao walichukuliwa kwa nguvu kutoka bara letu la Afrika. Hapo kwanza kazi ya kutenga nywele na mbegu ilikuwa nzito mno. Husemwa kwamba mtu mmoja kwa mikono yake hakumaliza zaidi ya ratli moja kwa siku. Mwaka 1793 mtu mmoja jina lake Eli Whitney alibuni mashine ya kuchambulia. Mtu angedhani kwamba mashine ile ingewapunguzia watumwa taabu. Ikawa kinyume. Kwa kuwa sasa pamba yote iliyolimwa iliweza kuchambuliwa upesi, mabwana walitaka mashamba makubwa zaidi na watu wengi zaidi wa kuyalima. Mwaka 1790 watumwa wa Marekani walikuwa kama 700,000. Mwaka 1860 walikuwa karibu 4,000,000.

Mwaka 1861 Marekani ya kaskazini na ya kusini zilianza kupigana, na vita havikwisha mpaka 1865. Pamba ikakatika, viwanda vya Ulaya vikasimama, na merikani ikawa adimu sokoni Unguja. Mataifa ya Ulaya yakaona hatari ya kutegemea shamba la mtu mwingine, wala hayakusahau. Wadachi, ndio Wajerumani, walipoitwaa nchi ambayo leo ni Tanzania bara, walitaka iwalimie pamba.

Hapo ndipo pamba ilipopata jina baya kusini mwa nchi. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi ilianza kuamuru mashamba ya pamba ya pamoja yalimwe katika wilaya za pwani na kusini. Watu walitolewa majumbani kwenda kuyalima chini ya maakida na majumbe, katika siku zile zile ambazo mashamba yao ya chakula yalihitaji mikono. Ujira ulikuwa mdogo hata wengine walikataa kuupokea. Mwisho wa mwezi wa Julai mwaka 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Huo ndio mwanzo wa vita vya Maji Maji, vilivyoenea kusini yote na kudumu hata 1907. Wadachi walichoma vijiji na maghala ya nafaka, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya waliokufa hukadiriwa kuwa 75,000, na wanahistoria wengine huifikisha 300,000. Sababu za vita zilikuwa nyingi: kodi, kiboko, shokoa, dharau, si pamba peke yake. Lakini walipotaka kuonyesha kwamba wamechoka, watu wa Nandete hawakuanza na boma wala na akida. Walianza na mpamba.

Usukuma pamba iliingia kwa njia nyingine. Huko mtu alilima shamba lake mwenyewe na kuuza mavuno yake mwenyewe. Akaipenda pamba kwa kuwa ilimpatia ng'ombe, na kwa Msukuma ng'ombe ni akiba, na mahari, na heshima. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ikapata njia iliyonyoka ya kwenda Dar es Salaam. Karibu na Mwanza, mahali paitwapo Ukiriguru, palijengwa kituo cha kuchunguza kilimo, na kituo hicho kingalipo hata leo. Amri nazo hazikukosekana. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliweka sheria nyingi za ukulima na ufugaji, na watu wakazichukia, hata zile zilizokuwa na maana, kwa sababu zililetwa na askari badala ya kuletwa na mwalimu.

Sasa na tumtwae mkulima mmoja wa Meatu au wa Bariadi, mwenye ekari tano, na mke, na watoto wanne, tuone jinsi mwaka wake uendavyo. Mvua huanza Oktoba au Novemba. Pamba yapasa kupandwa kati ya nusu ya Novemba na nusu ya Desemba. Mvua ya kwanza ikilowesha ardhi, siku hizo hizo mahindi hutaka kupandwa, mtama hutaka kupandwa, na pamba hutaka kupandwa. Na mikono ni ile ile. Afanyeje? Akitanguliza pamba, chakula kitachelewa, na mwezi wa Machi nyumba haina kitu. Akitanguliza chakula, pamba itachelewa, na pamba iliyochelewa haina bahati: mvua hukatika vitumba havijajaa, na wadudu waliozaliana katika mashamba ya majirani humiminika katika shamba lake lililo bichi bado. Wakulima wengi hutanguliza chakula. Wakubwa wa kilimo wamewalaumu kwa hilo tangu zamani, nami siwezi kuungana nao katika lawama hiyo. Mtu aliyewahi kuona njaa haweki tumaini lake katika kitu kisichopikwa.

Tena liko jambo la maksai. Mwenye jozi ya maksai na plau hulima siku ile ile mvua inyeshapo. Asiye nao hungoja mpaka mwenye nao amalize kwake, kisha amwajiri kwa fedha au kwa deni. Hivyo maskini huchelewa kwa sababu ya umaskini wake, na kwa kuchelewa huvuna kidogo, na kwa kuvuna kidogo hapati fedha ya kununua maksai.

Kupanda kwenyewe kwataka mstari. Mabwana shamba wa siku hizi hufundisha nafasi ya sentimita 60 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Zamani nafasi ilikuwa kubwa zaidi. Kamba yenye mafundo yatosha kwa kipimo, na watoto wawili waweza kuishika huku na huku. Anayemwaga mbegu ovyo hujidanganya kwamba ameokoa siku moja, lakini atailipa wakati wa palizi, atakapokosa pa kupitisha jembe. Miche ikifika kimo cha shubiri hupunguzwa, ibaki miwili kila shimo, nayo ni kazi iumayo moyo, kung'oa kwa mkono wako kitu ulichokipanda. Wengi hawaing'oi, na miche hunyang'anyana chakula hata yote ikawa dhaifu. Palizi ni mbili au tatu, na ya kwanza haingoji: mpamba mchanga ni mvivu wa kukua, magugu huupita upesi.

Wasukuma wamezoea kulima matuta. Watu wa Ukiriguru walionyesha ya kuwa matuta yakifungwa kwa vituta vidogo vya kukingama, maji ya mvua hukaa katika vishimo na kuingia ardhini badala ya kutiririka na kuchukua udongo. Jambo hilo lina faida sana katika mchanga wa mlimani uitwao luseni, ambao haushiki maji. Katika udongo mweusi wa mbuga halina faida hiyo, kwa kuwa huko maji hutuama, na mpamba hauvumilii miguu yake kukaa majini.

Sasa tufike kwa wadudu, maana hao ndio wenye shamba wa pili. Mdudu wa kwanza ni chawajani. Ni mdogo, wa kijani, huruka kwa upande ukigusa jani. Hufyonza maji ya majani hata kingo zake zikajikunja na kuwa nyekundu kama zilizobabuliwa na moto. Chawajani alikuwa adui mkubwa wa pamba ya Usukuma hapo zamani. Alishindwaje? Hakushindwa kwa dawa. Wachunguzi waliona kwamba mipamba mingine ina majani yenye manyoya, na kwamba chawajani hapendi kukaa juu ya manyoya. Wakachagua mbegu za mipamba hiyo, wakazipanda, wakachagua tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakapata mbegu ambayo wakulima wote waliweza kupewa. Mbegu nyingi zilizotolewa baadaye huitwa kwa herufi UK, yaani Ukiriguru, kama vile UK77 na UK91. Ushike unyoya ulio nyuma ya jani la mpamba kwa kidole chako, nawe utakuwa umegusa kazi ya miaka mingi ya watu wenye subira.

Wa pili ni funza wa vitumba, naye hakuzuiwa na manyoya. Mama yake ni nondo arukaye usiku na kutaga mayai juu ya majani machanga. Funza akitoka katika yai hutoboa tumba la ua, kisha kitumba, akila kidogo hapa na kidogo pale, akiacha kimoja na kwenda kingine, kama mtoto mtundu katika mti wa maembe. Laiti angemaliza kimoja kabla ya kuanza kingine! Huyu hula na mahindi, na nyanya, na dengu, kwa hiyo hakosi makao mwaka mzima. Na wa tatu ni kangambili, mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi, aliye rahisi kuonekana kuliko wote, naye hutoboa kitumba kwa mdomo wake ili afyonze mbegu. Uozo huingia kwa tundu lile, na pamba hutoka na madoa ya manjano.

Mkulima hupigana na hao kwa bomba la mgongoni na dawa ya maji. Zamani alifundishwa kupulizia kwa kufuata kalenda, wadudu wawepo wasiwepo. Siku hizi hufundishwa kukagua kwanza: apite shambani kwa mshazari, atazame mimea, ahesabu mayai na funza, na akiona wamezidi ndipo apulizie. Maana dawa huua na marafiki, kama vile buibui na bibiarusi walao wadudu. Tena dawa moja ikitumika mno, wale funza wachache wasiokufa ndio wazaao, na watoto wao hawafi kwayo. Lakini dawa huja kwa mkopo, mara nyingine ikachelewa kufika, mara nyingine ikawa imechakachuliwa na walanguzi. Na mkulima ambaye dawa yake haikuua hawezi kujua kama kosa ni la dawa, au la bomba, au la mkono wake.

Hapa nina neno kwenu ninyi wanafunzi. Dawa ya pamba ni sumu. Asiyeivaa nguo nzito na kitambaa puani asiishike. Mpuliziaji asiende akielekea upepo, wala asile, wala asivute sigara kabla ya kunawa kwa sabuni. Haipasi kuwekwa katika chumba cha kulala. Na ile chupa yake tupu, iliyo nzuri kama ya kuchotea maji, itobolewe na kuzikwa. Watoto wamekufa kwa chupa kama hizo.

Vitumba huanza kupasuka Aprili au Mei, na uchumaji huendelea hata Agosti. Huchumwa kwa mkono, kitumba kwa kitumba, umande ukiisha kukauka. Mchumaji mwangalifu hutwaa mifuko miwili: mmoja wa pamba safi, iliyo nyeupe na kavu, na mmoja wa fifi, ndiyo yenye madoa na uchafu. Fifi ina bei yake ndogo. Lakini konzi moja ya fifi katika gunia la safi hulishusha gunia zima. Pamba huwekwa juu ya kichanja au turubai, mbali na vumbi na kuku, wala haifai kutiwa katika magunia ya nailoni, kwa kuwa nyuzi za nailoni hunasa katika pamba, na kiwandani hazionekani mpaka nguo itiwapo rangi, ndipo zionekanapo kama makovu. Wengi wa wachumaji ni akina mama na watoto, na ziko shule ambazo madawati yake hupungukiwa na watoto wakati wa kuchuma. Mzazi afanyaye hivyo huona gunia la leo tu.

Basi pamba imefika sokoni, nasi tumefika penye mizani. Hapa ndipo palipo na ugomvi mkubwa na wa siku nyingi kuliko wadudu wote. Siku za Waingereza wanunuzi walikuwa wafanya biashara wa binafsi, na wakulima walinung'unika ya kuwa mizani ilipunguza. Mtu aliyepima kwake nyumbani alikuta ratli zimepotea njiani, ingawa gunia halikutoboka. Mwanzo wa miaka ya 1950 wakulima walianza kujikusanya. Waliweka wapimaji wao wenyewe karibu na vituo vya kununulia, ili mtu apime kabla hajamfikia mnunuzi, akajua haki yake. Kutoka katika jambo hilo dogo vilitokea vyama vya ushirika vya wakulima, na mwaka 1955 viliungana kuwa shirikisho moja lililojulikana kwa herufi VFCU, likiongozwa na Paul Bomani. Kwa muda wa miaka michache likawa moja katika mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika nzima, likinunua pamba na kumiliki viwanda vyake vya kuchambulia. Wakulima wasiojua kusoma walifanya hayo kwa kuwa walitaka kujua uzito wa mzigo wao.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Vyama vilipokua, vilipata makarani wengi na madeni mengi, na mkulima akaanza kusema juu ya mizani ya chama chake yale aliyoyasema juu ya mizani ya mgeni. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vya ushirika. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha. Mwaka 1994 wanunuzi wa binafsi waliruhusiwa tena. Tangu 2018 pamba imeuzwa kwa kupitia vyama vya msingi vya vijijini.

Lakini mkulima naye si malaika. Wako wanaomwagia pamba maji usiku ili asubuhi iwe nzito. Wako wanaotia mchanga. Wako wanaotia chumvi, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu. Ukiwauliza hujibu: "Mizani yao yatuibia, nasi twajirudishia chetu." Ukimwuliza karani wa mizani hujibu: "Pamba yao ina maji, nasi twaondoa uzito wa maji." Kila mmoja amemshika mwenziwe kuwa sababu. Wakati huo pamba yenye maji huota ukungu na kuoza ghalani, mchanga huharibu misumeno ya mashine, na mnunuzi wa ng'ambo, asiyemjua mwizi wala mwaminifu, hushusha bei ya pamba yote itokayo nchi hiyo. Aliyeweka mifuko miwili na kuchuma baada ya umande hulipwa sawa na aliyemwaga maji.

Na bei yenyewe hutoka mbali. Pamba nyingi ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa nyuzi tupu, kwa kuwa viwanda vya kufuma vya nyumbani hutumia sehemu ndogo tu. Kwa hiyo mvua ikinyesha vema Texas au India, mkulima wa Meatu asiyeijua Texas hupata hasara. Mwaka 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Kisha bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakaona kwamba wakinunua kwa bei ile watapoteza, wakasita. Na wakulima wengi walikaa miezi wakingoja fedha za pamba waliyokwisha kuitoa mikononi mwao. Mwaka uliofuata bei ilikuwa shilingi 810. Fanyeni hesabu hii. Wakulima wengi huvuna kilo 200 hadi 300 kwa ekari, ingawa shamba lililotunzwa vema laweza kutoa mara mbili au mara tatu ya hizo. Mwenye kilo 300 alipata shilingi 360,000 kwa bei ya kwanza, na 243,000 kwa bei ya pili. Tofauti ni shilingi 117,000 kwa kila ekari, na palizi zilikuwa zile zile, na dawa ile ile, na jua lile lile.

Kwa hiyo msishangae kusikia ya kuwa mavuno ya nchi hupanda na kushuka kama bembea. Msimu wa 2005/06 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 370,000 za pamba mbegu. Msimu uliofuata haukufika hata nusu yake. Watu husema ni mvua, na kweli mvua imo. Lakini mkulima aliyelipwa vibaya mwaka huu, mwakani hupanda dengu au alizeti, wala hamtangazii mtu.

Kiwandani pamba huchambuliwa kwa mashine. Katika kilo tatu za pamba mbegu hutoka kilo moja ya nyuzi, na karibu kilo mbili za mbegu. Nyuzi hushindiliwa kuwa marobota ya kilo 180 hivi, hivyo robota moja hula mavuno ya ekari mbili za mkulima wetu. Mbegu nyingine hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu yake hulisha ng'ombe. Nyingine hurudi shambani kupandwa. Kumbe kitu kidogo cha pamba huingia chunguni hatimaye, lakini kwa njia ndefu, na mkulima huyanunua mafuta hayo dukani.

Kazi moja imebaki shambani, na hiyo ndiyo niliyowaahidi mwanzo. Uko mdudu wa nne, funza mdogo wa rangi ya waridi, ambaye hukaa ndani ya mbegu na katika vitumba vilivyosahauliwa juu ya miti. Huyu tofauti na yule wa kwanza hana vyakula vingi. Karibu riziki yake yote ni mpamba. Akikosa mpamba kwa muda wa miezi miwili mitatu hufa njaa. Kwa hiyo sheria yaamuru kila mkulima ang'oe mipamba yake yote na kuichoma kabla ya tarehe 15 Septemba. Lakini kazi ya kung'oa haina malipo: mavuno yamekwisha kuuzwa, ardhi ni ngumu kama tofali, na mizizi ya mpamba huenda chini sana. Mwenye shamba dogo, mwenye bidii, huchoma yote. Jirani yake akiacha nusu ekari, nondo wa nusu ekari hiyo huruka usiku juu ya mpaka.

Jioni za Septemba moshi wa mipamba huonekana toka kilima hata kilima. Baadaye nchi hubaki tupu, kamba yenye mafundo hutundikwa ukutani, na watu hutazama mawingu ya upande wa ziwa. Mama wa nyumba huingia ghalani akahesabu debe za mtama zilizosalia, kisha hutoka akamwambia mumewe hesabu yake. Na kwa hesabu hiyo wawili hao huamua, kabla ya tone la kwanza, ni ekari ngapi watakazothubutu kuipa pamba mwaka huu.